UZI: Tarehe bila maandishi. Sonona ya ujanani, shule, na miaka inayofuata

Mleta mada (mwalimu wa hisabati)

Ndugu wanajukwaa, nimefundisha hisabati katika shule za sekondari kwa miaka kumi na tisa, na jambo ninalolileta leo nimekaa nalo muda mrefu kabla ya kupata ujasiri wa kuliandika. Linawahusu wanafunzi ambao sisi walimu tumezoea kuwaita wavivu, watoro au wakaidi, na linahusu yale yanayowapata baada ya sisi kuwasahau.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa kiume wa miaka 15, mpole, ambaye mwaka wa nyuma alikuwa miongoni mwa watano bora darasani. Siku moja nilikusanya madaftari ili nisahihishe. Katika daftari lake kila ukurasa ulikuwa na tarehe iliyoandikwa vizuri upande wa kulia na kupigiwa mstari kwa rula, na chini ya mstari hapakuwa na kitu chochote. Nilihesabu kurasa kumi na moja za namna hiyo. Kwenye ukurasa wa mwisho niliandika kwa kalamu nyekundu, tena kwa hati kubwa: "Acha uvivu." Sikujiuliza kwa nini mvivu ajisumbue kutafuta rula. Kila siku kijana yule alikuwa akikaa chini kwa nia ya kuanza, akaanza, halafu nguvu zikamwishia pale pale kwenye mstari. Baada ya miezi minne aliacha kuja kabisa. Jina lake liliondolewa kwenye orodha kwa sababu ya utoro, na mimi nilikuwa mmoja wa walimu waliotia saini. Mama yake alikuja kuniambia baadaye kwamba muda wote ule mtoto alikuwa halali usiku, hali chakula akashiba, na alikuwa amewaacha marafiki zake wote.

Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukisoma. Shirika la Afya Duniani, ambalo linahesabu ujana balehe kuwa kati ya miaka 10 na 19, linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri huo ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi arobaini, hao ni watano au sita. Uchambuzi mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliounganisha tafiti 192 zenye watu zaidi ya 700,000, ulionesha kwamba takriban thuluthi moja ya wanaopata matatizo ya akili maishani huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 14, karibu nusu kabla ya miaka 18, na kwamba umri ambao matatizo hayo huanza kwa wingi kuliko mwingine wowote ni miaka kumi na minne na nusu. Nawaomba muutafakari umri huo. Ni umri wa mtoto aliye darasani, aliyevaa sare, ambaye sisi tunamwona siku tano kwa juma, wakati daktari huenda hajawahi kumwona hata mara moja.

Magonjwa mengi ya mwili huja kwa wingi uzeeni, mtu akiwa amekwisha kusoma, kuoa au kuolewa, na kupata kazi. Haya ya akili huja wakati ambapo kila kitu bado kinajengwa. Mtu mzima akiugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kuishiwa nguvu, kwa mwaka mmoja, anapoteza mwaka. Kijana wa miaka 15 akiugua kwa mwaka huo huo, anapoteza hesabu za mwaka huo, na kwa kuwa za mwaka unaofuata zimejengwa juu yake, anazipoteza na hizo, pamoja na mtihani unaotokana nazo na marafiki ambao wangesonga mbele pamoja naye.

Watafiti wa Uingereza waliwafuatilia watoto waliozaliwa katika wiki moja ya mwaka 1958, zaidi ya 17,000, hadi uzeeni. Waliokuwa na matatizo ya kisaikolojia utotoni, walipofika miaka 50, kipato cha familia zao kilikuwa chini kwa takriban asilimia 28 kikilinganishwa na cha wenzao, na pengo hilo lilikuwa kubwa kuliko lile lililotokana na matatizo ya mwili ya utotoni.

Hata hivyo, takwimu iliyonifanya nilete mada hii ni nyingine. Katika jimbo la Victoria, Australia, kuanzia mwaka 1992, wanafunzi 1,943 kutoka shule 44 za sekondari walifuatiliwa tangu ujanani hadi walipokaribia miaka 30. Wengi waliopata sonona au wasiwasi uliopitiliza wakiwa shuleni walipata tena wakiwa watu wazima. Lakini wale ambao tatizo liliwapata mara moja tu, likadumu chini ya miezi sita, zaidi ya nusu yao hawakuugua tena katika utu uzima wa mwanzo. Kwa hiyo, kinachopaswa kututisha ni muda ambao kijana anaachwa peke yake na hali hiyo. Mwanafunzi wangu alikuwa na kurasa kumi na moja, ambazo kwa vipindi vyetu zilikuwa sawa na wiki tatu hivi. Bado kulikuwa na muda wa kutosha.

Naomba michango ya walimu, wazazi, wahudumu wa afya, na hasa ya wale waliopita humo wenyewe.

Mzazi wa watatu

Mwalimu, nimesoma kwa makini na nakuheshimu kwa kukiri kosa hadharani. Hata hivyo nina shaka, na nitaisema wazi. Kizazi chetu hakikuwa na maneno haya. Tulipoteleza katika masomo tuliadhibiwa, tukanyooka, na wengi wetu tumefika. Nina mtoto wa miaka 14 ambaye sasa kila nikimwambia ashike kitabu ananijibu kwamba "ana msongo". Nahofia kwamba tukimpa kila mtoto jina la ugonjwa, tutakuwa tumempa na ruhusa ya kushindwa. Pia nauliza: hao waliokuwa na kipato kidogo walipofika miaka 50, je, si huenda walitoka katika familia maskini tangu mwanzo? Umaskini unaweza kuwa umeleta yote mawili, ugonjwa na kipato duni.

Mleta mada

Ahsante mzazi mwenzangu. Nianze na swali la mwisho, kwa sababu ni zuri na watafiti nao walijiuliza. Watafiti wawili wa Marekani walichapisha mwaka 2010 kazi iliyolinganisha ndugu wa familia moja: wazazi wale wale, nyumba ile ile, umaskini au utajiri ule ule, lakini mmoja aliyekuwa na matatizo ya kisaikolojia utotoni na mwingine ambaye hakuwa nayo. Pengo la kipato cha familia zao utu uzimani lilibaki, kwa takriban asilimia 20. Umaskini una sehemu yake kubwa, sikatai, lakini hauwezi kueleza pengo baina ya watu waliokula chungu kimoja.

Kuhusu kizazi chetu kutokuwa na maneno haya, nakubaliana nawe kwamba maneno hayakuwapo. Watoto, hata hivyo, walikuwapo. Kuna kundi jingine la Uingereza, la waliozaliwa mwaka 1946. Walipokuwa na miaka 13, na tena walipofika 15, walimu wao waliombwa kueleza tabia zao: nani mtoro, nani mkaidi, nani husema uongo, nani hana utulivu. Hakuna aliyekuwa akizungumzia afya ya akili ya mwanafunzi katika shule za wakati ule. Watu hao walifuatiliwa kwa takriban miaka arobaini. Wale ambao walimu waliwaona kuwa na tabia mbaya sana waliondoka shuleni bila cheti kwa wingi zaidi kuliko wenzao, na utu uzimani walikuwa na matatizo zaidi ya afya ya akili, ya familia na ya fedha. Unaona kinachoniuma hapo? Walimu wale waliona. Kwa karatasi moja tu ya maswali waliweza kuwatambua watoto ambao maisha yangekuja kuwaelemea. Unaposema wengi wetu tumefika, ni kweli, nami ni mmoja wao. Ila ukitazama picha ya darasa letu la zamani utakuta sura ambazo hatujui zilikoishia, na hao hawamo humu ndani kutujibu.

Katika hofu yako ya kumpa kila mtoto jina la ugonjwa, naona una hoja, na nitaomba mtu wa afya aijibu vizuri kuliko mimi.

Aliyerudi darasani

Mimi ni mmoja wa sura hizo za kwenye picha. Niliacha shule nikiwa na miaka 16 na nikarudi kumaliza sekondari nikiwa na miaka 24. Naandika kwa sababu nimeona watu wengi wakieleza kwa nini mtoto mgonjwa hafaulu, lakini wachache wanaeleza jinsi siku moja ya kutokwenda shule inavyogeuka kuwa mwaka mzima.

Siku ya kwanza sikwenda kwa sababu nilishindwa kuinuka kitandani. Sikuwa na homa wala maumivu. Mwili ulikuwa kama umefungwa mzigo, na nilitazama viatu vyangu pale chini nikaona kuvivaa ni kazi isiyowezekana. Siku ya pili niliweza kuinuka, lakini sasa nilikuwa na deni: sikujua darasa limefikia wapi, na nilijua nitaulizwa jana nilikuwa wapi. Siku ya tatu deni liliongezeka. Wiki ya pili nilikuwa nikifika hadi kwenye lango la shule, nikishika nondo zake, nikisikia sauti za wenzangu ndani, kisha nageuka. Nilifanya hivyo asubuhi sita. Nyumbani waliamini nipo shuleni, na shuleni waliamini mimi ni mhuni. Barua iliyoletwa ilimtaka mzazi aje aeleze kwa nini mtoto wake ni mtoro sugu, na baba alipoisoma alinipiga. Simlaumu sana leo, kwa sababu barua ilimweleza kwamba ana mtoto mtoro, naye aliushughulikia utoro. Katika barua ile hapakuwa na hata sentensi moja iliyouliza kama naumwa.

Wasiwasi una tabia ambayo sikuijua wakati ule na nimekuja kuielewa ukubwani. Kila unapokimbia kitu unachokiogopa unapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo inakufundisha kukimbia tena. Lango lile lilikua katika mawazo yangu kila mara nilipoligeuzia kisogo. Kwa hiyo mzazi anayesema mtoto asiruhusiwe kukaa tu nyumbani hajakosea kabisa. Kosa ni kumrudisha kwa nguvu bila kumpunguzia lile deni. Kama mtu angeniambia, "Njoo kesho kwa saa moja au mbili tu, ukae na mwalimu huyu, hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi," nadhani ningepita langoni.

Kuhusu miaka iliyofuata, watu hudhani cheti ndicho kilichoniuma. Cheti nilikipata. Kilichochukua muda zaidi ni kuacha kujiona mtu asiyemaliza mambo. Kila nilipopata kazi nilianza kujiandaa kuiacha, na niliacha kazi tatu nzuri kabla hazijaniacha mimi. Tabia hiyo niliipata pale langoni, nikiwa na miaka 16, na nimeitoa kwa msaada wa mtaalamu nikiwa na zaidi ya miaka 30.

Muuguzi wa vijana

Nimefanya kazi katika kliniki za vijana kwa muda mrefu na nitajaribu kujibu mambo mawili matatu, nikianza na kumshukuru ndugu aliyetangulia, kwa sababu maelezo yake ya nafuu ya papo hapo ndiyo tunayowafundisha wazazi kila siku.

Mzazi wa watatu, tofauti kati ya huzuni ya kawaida na sonona haitokani na mtoto kusema neno "msongo". Tunaangalia muda na kiasi. Kwa vigezo vinavyotumika hospitalini, dalili ziwepo karibu kila siku kwa angalau wiki mbili mfululizo, na ziwe zimeharibu maisha yake ya kila siku: masomo, usingizi, chakula, urafiki. Mtoto anayekataa kitabu lakini anacheka na wenzake jioni, anakula vizuri na anaendelea na michezo aipendayo, huyo huenda kitabu tu ndicho kinachomchosha. Mtoto ambaye ameacha hata vile alivyovipenda ni wa kuangaliwa. Jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba kwa vijana sonona mara nyingi haiji na machozi, huja na hasira. Kijana anakuwa mkali, anajibu vibaya, anavunja vitu, na watu wote wanamwona mkorofi kabla ya mtu mmoja kumwona mgonjwa. Kuanzia balehe wasichana hupata sonona takriban mara mbili ya wavulana, na ninaamini, kutokana na ninayoyaona kazini, kwamba baadhi ya wavulana wetu wanahesabiwa katika daftari la adhabu badala ya daftari la kliniki.

Njia kati ya shule na akili inapitika pande zote mbili. Tumezungumza jinsi ugonjwa unavyoharibu masomo, lakini shule nayo inaweza kumfanya mtoto augue. Uonevu wa wanafunzi kwa wenzao ni mfano mkubwa. Lile kundi la Uingereza la mwaka 1958 lilitumika tena katika utafiti uliotolewa mwaka 2014: watoto walioonewa mara kwa mara wakiwa na miaka 7 na 11 walikuwa bado wana hatari kubwa zaidi ya sonona na wasiwasi walipofika miaka 50, takriban miaka arobaini baada ya uonevu wenyewe kwisha. Nchini Norway, mwaka 1983, ilikuwa baada ya wavulana watatu kujitoa uhai, uonevu ukionekana kuwa chanzo, ndipo serikali ilipoanzisha kampeni ya taifa ya kuzuia uonevu shuleni, na mtaalamu Dan Olweus akatengeneza mpango ambao baadaye ulitumika katika nchi nyingi.

Usingizi nao hausemwi vya kutosha. Wakati wa balehe saa ya mwili husogea mbele: homoni ya usingizi huchelewa kutoka usiku, kijana anachelewa kusinzia hata kama amezimiwa taa, na asubuhi anaamshwa wakati ubongo wake bado uko usiku. Anahitaji saa 8 hadi 10. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa pendekezo mwaka 2014 kwamba shule za umri huo zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Mji wa Seattle, huko huko Marekani, ulisogeza muda wa kuanza shule za sekondari kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 mwaka 2016, na watafiti waliowafunga wanafunzi saa maalumu za mkononi walikuta wanalala dakika 34 zaidi kila siku. Kulala kwenyewe hakuponyi sonona, lakini sijawahi kumhudumia kijana mwenye sonona ambaye usingizi wake ulikuwa salama.

Sasa lile suala la kumpa kila mtoto jina la ugonjwa. Ndugu mzazi, una hoja, na ushahidi upo upande wako kwa sehemu. Uingereza walifanya jaribio katika shule 85 lenye wanafunzi zaidi ya 8,000, darasa zima likifundishwa mazoezi ya kutuliza akili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionesha kwamba hayakuwasaidia kuliko masomo ya kawaida ya malezi. Kufundisha kila mtoto kwa pamoja kujichunguza hisia zake si dawa.

Yaliyosaidia yana sura nyingine. Katika jimbo la Bihar, India, utafiti uliohusisha shule zaidi ya 70 ulijaribu mpango mmoja kwa njia mbili. Katika baadhi ya shule uliendeshwa na mwalimu aliyepewa mafunzo juu ya kazi zake nyingine. Katika nyingine uliendeshwa na mshauri asiye daktari wala mwanasaikolojia, mtu wa kawaida aliyefundishwa, ambaye kazi yake shuleni ilikuwa hiyo tu. Palipokuwa na mshauri, sonona ilipungua, uonevu ulipungua, na wanafunzi waliiona shule yao kuwa mahali pazuri zaidi. Palipoachiwa mwalimu hapakuwa na mabadiliko ya maana. Mleta mada, nakuomba uisome sentensi hiyo kama faraja. Hukushindwa kwa kuwa u mtu mbaya. Mtu mwenye madaftari 200 ya kusahihisha hawezi kupewa na kazi hiyo juu yake bila kupewa muda.

Mleta mada

Dada muuguzi, nimeisoma zaidi ya mara moja. Naipokea, ingawa bado naamini kwamba kuuliza swali moja kungenigharimu dakika tatu. Sikuwa na uwezo wa kumtibu, lakini uwezo wa kumuuliza nilikuwa nao. Siku hizi ninaposahihisha sitafuti makosa pekee. Natafuta mwandiko uliobadilika, kazi zilizoanzwa na kuachwa, na nikiona wiki ya pili haijabadilika namwita mwanafunzi pembeni, si mbele ya wenzake, namwambia tu nilichokiona: "Zamani ulikuwa unamaliza, sasa naona unaishia katikati. Kuna nini?" Wengi hujibu "hakuna". Nimejifunza kutolifunga jambo hapo, namwambia nitamuuliza tena Ijumaa, na Ijumaa namuuliza. Mara kadhaa jibu limekuja siku hiyo ya pili.

Nina swali kwako. Walimu wengi tunaogopa kumuuliza kijana kama anafikiria kujiua, kwa hofu kwamba tutakuwa tumemtia wazo hilo kichwani.

Muuguzi wa vijana

Muulize. Tafiti zimerudia kuonesha kwamba kumuuliza mtu waziwazi hakumtii wazo, na kwa wengi huwa ndiyo mara ya kwanza mtu kuwarahisishia kulisema. Uliza kwa maneno ya kawaida: "Je, umewahi kufikia hatua ya kutotaka kuishi?" Akijibu ndiyo, usimhubirie, usimwahidi siri, na usimwache peke yake hadi mzazi au mhudumu wa afya afike, siku hiyo hiyo. Vijana wenyewe nao wafundishwe. Katika nchi kumi za Ulaya, jaribio la wanafunzi zaidi ya 11,000 lililotolewa mwaka 2015 lilionesha kwamba mpango uliozungumza na wanafunzi moja kwa moja, kwa mijadala na maigizo ya kuvaa nafasi ya mwingine, ulipunguza majaribio ya kujiua katika mwaka uliofuata. Kijana humwambia rafiki yake siri kabla ya kumwambia mtu mzima yeyote, kwa hiyo ni vema rafiki huyo ajue la kufanya nayo.

Kuna wanaodhani pia kwamba ukishapelekwa kliniki hakuna la maana linalofanyika. Hapana. Jaribio la Marekani la mwaka 2004, la vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 wenye sonona ya kati hadi kali, lilionesha kwamba baada ya wiki 12 asilimia 71 ya waliopewa tiba ya mazungumzo pamoja na dawa ya fluoxetine walipata nafuu kubwa, wakati kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa waliopata nafuu hiyo walikuwa asilimia 35. Dawa hizo kwa vijana zinataka uangalizi wa karibu, hasa wiki za mwanzo, kwa sababu kwa wachache zinaweza kuongeza mawazo ya kujidhuru, kwa hiyo zisinunuliwe kiholela wala kukatishwa ghafla.

Mzazi wa watatu

Nimekuwa nikifuatilia uzi huu kwa siku nne bila kuandika. Juzi usiku, baada ya kusoma habari ya tarehe bila maandishi, niliyatoa madaftari ya mtoto wangu kwenye begi lake akiwa amelala. Sikuwahi kufanya hivyo, mimi huangalia ripoti ya mwisho wa muhula tu. Daftari la jiografia lilikuwa limejaa ramani alizozichora kwa rangi hadi tarehe fulani, na baada ya hapo rangi zikakoma. Zikabaki ramani za kalamu, kisha mipaka bila majina, kisha hakuna. Nilikuwa namwambia kila jioni ashike kitabu, na sikuwahi kukifungua mimi mwenyewe.

Jana nilimuuliza kama mwalimu alivyoeleza. Nilimwambia nimeona ameacha kupaka rangi. Alinyamaza sana, kisha akaniuliza: "Umejuaje?" Hakusema mengine, nami sikumlazimisha. Nilimwambia nitamuuliza tena.

Dada muuguzi, nimepata nafasi kliniki Jumatano asubuhi. Naomba kujua: daktari ataniuliza nini, na nibebe nini?

Muuguzi wa vijana

Atakuuliza imeanza lini, kwa sababu wazazi wengi hatuwezi kulijibu swali hilo kwa uhakika. Atauliza usingizi, chakula, marafiki, kama kuna aliyewahi kuugua hivyo katika familia, na ataomba kuzungumza na mtoto peke yake kwa muda. Mruhusu, na umweleze mtoto mapema kwamba jambo hilo ni la kawaida, ili asidhani umeficha kitu. Kama kabla ya Jumatano atasema lolote kuhusu kutotaka kuishi, usisubiri miadi, mpeleke siku hiyo hiyo.

Mwombe mtoto ruhusa, kisha ubebe daftari la jiografia.

Mzazi wa watatu

Nimemwomba, amekubali. Nimehesabu pia tangu ramani ya mwisho yenye rangi hadi leo. Ni wiki saba.